Vita vilipobisha hodi, Ngara ilijibu kwa redio

Aprili 28, 1994, Daraja la Rusumo lilifurika watu. Katika muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Mto Kagera na kuingia Wilaya ya Ngara, Tanzania. Eneo la Benaco wilayani humo likageuka mji wa mahema. Miezi michache kabla yake, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 21, 1993, kulikuwa kumeshawaleta maelfu ya Warundi upande huu.

Waliovuka walibeba mikeka, masufuria na watoto. Wapo pia waliovuka na sumu waliyonyweshwa na redio. Kituo cha RTLM, kilichoanza kurusha matangazo Kigali Julai 1993, kiliwaita Watutsi mende na kuchochea wauawe. Mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa kituo hicho. Dunia ikakiri kwamba mtu anaweza kuua bila kushika panga.

Sauti nyingine hewani

Kampeni ya kupinga vita iliyofuata Ngara haikuwa ya mabango wala maandamano. Mwaka 1995, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha Radio Kwizera wilayani humo. Ilizungumza Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, na iliwalenga wakimbizi na wenyeji kwa pamoja.

Hilo la wenyeji lina uzito wake. Katika kata kama Mugoma, Mhangaza, yaani mwenyeji wa Ngara, na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Hata hivyo, udugu wa lugha haukuzuia manung'uniko. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni, mashamba yakavamiwa, ujambazi ukaongezeka. Katika hali hiyo, uvumi mmoja wa sokoni ungetosha kuwagombanisha majirani. Redio iliyozungumzia afya, mazingira na maridhiano ilimpa mwenyeji na mgeni habari ileile kwa wakati mmoja. Hiyo ni kazi ya amani, ingawa haipigiwi picha.

Ng'ambo, Bujumbura, shirika la Search for Common Ground nalo lilianzisha Studio Ijambo mwaka huohuo wa 1995, ambako waandishi Wahutu na Watutsi walitayarisha vipindi pamoja.

Kutoka meza ya Arusha hadi kijijini

Wakati huo wakubwa walikuwa wakitafuta suluhu ya vita vya Burundi. Mwalimu Julius Nyerere alisimamia mazungumzo ya Burundi hadi alipofariki Oktoba 14, 1999. Nelson Mandela akapokea kijiti, na Agosti 28, 2000 mkataba ukatiwa saini Arusha. Lakini makundi makubwa ya wapiganaji, CNDD-FDD na FNL, hayakuwamo miongoni mwa waliosaini. Risasi ziliendelea. Kwa mkimbizi wa kambi ya Lukole, Ngara, swali halikuwa mkataba unasema nini. Lilikuwa kama kilimani kwao kuna usalama wa kurudi kulima. Jibu la kuaminika lilihitaji mwandishi makini na lugha anayoielewa.

Ndiyo maana yaliyotokea Burundi Mei 2015 yanapaswa kututisha. Baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, vituo binafsi vya redio vilishambuliwa na kunyamazishwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia tena Tanzania. Redio inayosema kweli ikizimwa, nafasi yake huchukuliwa na uvumi, na leo uvumi husafiri kwa simu ya mkononi.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi wa upande huu tumepokea majirani wanaokimbia mara nyingi mno kiasi kwamba hatuwezi kudhani yao hayatuhusu. Redio za jamii za mpakani zipewe fedha na ulinzi wakati wa utulivu, maana chuki hupandwa wakati huohuo. Halmashauri na wafadhili wazihesabu kuwa sehemu ya usalama wa mpaka, sawa na doria. Nasi tunaopokea ujumbe wa sauti unaolitukana kabila zima tuna wajibu wetu: kuukataa mbele ya aliyeutuma, na kutoupeleka mbali zaidi. RTLM isingefika popote kama isingepata wasikilizaji walioyarudia maneno yake.