Pweza Yuko Hapo Hapo, Ila Humwoni

Siku za bamvua, maji yanapokupwa, wakazi wengi wa Wadi ya Ziwa la Ng'ombe huteremka hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, au Pirates kama wengi wanavyouita. Watoto huchungulia vidimbwini, na wakubwa wengine hutembea hadi karibu na mwamba. Wakirudi, utasikia wakisema leo hakukuwa na kitu. Vilikuwepo. Viumbe wengi wa pwani yetu huishi kwa kutoonekana, na ni vyema kujua wanavyofanya hivyo, kwa sababu baadhi yao ukiwakanyaga utalia.

Tuanze na pweza, bingwa wa mambo haya. Ngozi yake imejaa vifuko vidogo mno vya rangi ya manjano, nyekundu na kahawia. Kila kifuko kimezungukwa na misuli. Misuli ikivuta, kifuko hutanuka na rangi ikaonekana. Ikilegea, kifuko husinyaa kikabaki kama kitone cha wino. Chini yake kuna seli nyingine zinazorudisha mwanga, ndizo zinazompa weupe na mng'aro. Kwa kuwa misuli hiyo hupokea amri moja kwa moja kutoka ubongoni, pweza hubadilika kwa muda mfupi kuliko sekunde moja. Pamoja na rangi, huinua vipele mwilini hadi ngozi laini ikawa na makwaruzo kama ya mwamba au mwani. Pweza wa aina inayovuliwa sana katika mwambao wetu aliwahi kuhesabiwa akibadilika mara 1000 ndani ya saa 7. Kinyonga, tunayemsingizia kwa ugeugeu, hamfikii hata kidogo, na mara nyingi kinyonga hubadilika kwa hasira, uchumba au kutafuta joto, si kwa kujificha.

La kushangaza ni kwamba jicho la pweza lina aina moja tu ya kipokea mwanga, ilhali la binadamu lina aina tatu za kutambua rangi. Kwa hesabu hiyo, pweza haoni rangi kama sisi, na bado huiga rangi za mahali alipo. Wanasayansi wangali wanabishana anafanyaje.

Wapenzi wa supu ya pweza nao wana la kujifunza hapa. Hata baada ya kuvuliwa, misuli ya vile vifuko haifi papo hapo, kwa hivyo ngozi huendelea kupepesa rangi kwa muda. Ukiliona hilo kwenye meza ya muuza samaki, jua pweza huyo hajatoka majini zamani. Usipoliona, tumia pua yako.

Kaa weupe wanaokimbia mchangani nao hubadilika, ila taratibu: mchana huwa weupe zaidi, usiku huwa weusi kidogo. Gayogayo hulala chini na kuchukua madoadoa ya mchanga. Taa hujifukia mchangani, yakabaki macho tu.

Wa kuogopwa zaidi ni samaki anayefanana na jiwe. Huyu hana haraka ya kubadilika. Mwili wake umejaa vinundu, mara nyingi umeota mwani, na hulala kimya kati ya mawe au matumbawe akingoja samaki wadogo wapite. Mgongoni ana miiba 13 yenye sumu. Ukimkaribia hakimbii, kwa sababu anategemea usimwone. Miiba hiyo inaweza kupenya champali nyembamba, kwa hivyo anayekwenda mwambani avae viatu vya soli ngumu na atangulize fimbo. Mchangani, ndani ya maji, buruta miguu badala ya kuiinua. Taa akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe.

Mtu akichomwa na samaki huyo au na taa, mtoe majini kwanza. Tumbukiza sehemu iliyochomwa katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Joto huidhoofisha sumu na kupunguza maumivu. Anayeyapima maji awe mtu mwingine, au mgonjwa mwenyewe kwa mkono mzima, kwa kuwa mguu wenye maumivu hauwezi kupima joto na unaweza kuungua. Usikate kidonda, usikinyonye, usifunge kamba. Mpeleke hospitalini hata akisema amepata nafuu, kwani kipande cha mwiba huenda kimebaki ndani, na chanjo ya pepopunda huenda ikahitajika. Akianza kushindwa kupumua au kuzirai, usingoje maji yachemke. Mwiba uliochoma kifua, tumbo au shingo usiung'oe, mwahishe ulivyo.

Jambo la mwisho ni kuhusu mawe. Sehemu ya bahari iliyo mbele ya Nyali na Bamburi ni mbuga ya taifa ya baharini tangu mwaka 1986, chini ya KWS. Ndani ya mbuga hairuhusiwi kuvua wala kuokota chochote, hata kombe tupu. Katika eneo la akiba linaloizunguka, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Popote ulipo, ukigeuza jiwe kutazama kilicho chini, lirudishe lilivyokuwa, maana viumbe wa upande wa chini hukaushwa na jua.

Huenda pia umelifungua pango la pweza jike. Yeye hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia kwa mawe, huyalinda mayai bila kuwinda, na hufa yanapoanguliwa. Makinda hutoka wakiwa wadogo kuliko punje ya mchele, nao tayari wana vifuko vichache vya rangi mwilini.