Kompyuta Ndogo ya Bodi Moja: Kazi Zake Nyumbani, Shambani na Shuleni

Kompyuta inayotoshea kiganjani, isiyo na kioo, kibodi wala kasha, imekuwa sokoni kwa zaidi ya miaka 10. Jina linalojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyozinduliwa nchini Uingereza tarehe 29 Februari 2012 na wakfu wenye makao mjini Cambridge. Waanzilishi, akiwemo Eben Upton, walitaka watoto wapate mashine ya kujifunzia kuandika programu bila mzazi kuogopa kwamba wataiharibu. Bei ya uzinduzi ilikuwa dola 35 za Marekani. Baadaye zilifuata nyingine za bei nafuu zaidi: Zero mwaka wa 2015 kwa dola 5, na Pico mwaka wa 2021 kwa dola 4.

Bei hizo ni za bodi tupu, na kabla ya usafirishaji na ushuru. Bodi haiwaki bila chaja yenye nguvu ya kutosha, na kompyuta kamili huhitaji pia kadi ya microSD ya kuhifadhia mfumo wake. Siku ya kwanza utatakikana pia waya wa HDMI, kibodi na kipanya. Ni vyema mnunuzi amwulize mwenye duka bei ya vyote kwa pamoja, si ya bodi peke yake. Kioo si lazima kununuliwa, kwa kuwa runinga ya nyumbani yenye tundu la HDMI hufanya kazi hiyo.

Kinachoitofautisha bodi hii na kompyuta ya kawaida ni safu ya pini 40 ubavuni. Kupitia pini hizo programu inaweza kupima joto, kuhesabu matone ya mvua au kupiga king'ora. Wengi hununua bodi kwanza, kisha hutafuta cha kuifanyia, na baada ya mwezi mmoja imo kwenye droo. Anayeanza na shida ambayo tayari inamgharimu pesa hufika mbali zaidi.

Shida moja ya namna hiyo ni vifaranga. Katika wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa takriban nyuzi 3 kila wiki hadi waote manyoya. Mfugaji mzoefu husoma joto kwa macho: vifaranga wakirundikana pamoja wana baridi, wakitawanyika ukutani huku wakihema wamezidiwa na joto. Njia hiyo ni nzuri mchana. Saa tisa usiku, makaa yakiwa yamezimika au stima imepotea, hakuna anayewatazama.

Kihisi cha joto cha aina ya DS18B20, kinachouzwa kikiwa kwenye waya usiopenya maji, hupima kwa tofauti isiyozidi nusu nyuzi katika joto la kawaida. Kina nyaya 3 tu, na huhitaji rezista moja ya kilo-ohm 4.7. Programu fupi husoma joto kila dakika na kupiga king'ora kidogo chumbani kwa mfugaji likishuka chini ya kiwango alichoweka. Kihisi kiwekwe kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, kwani hewa ya karibu na paa ina joto lake tofauti. Kwa kazi hii Pico inatosha kabisa. Pico si kompyuta kamili. Huendesha programu moja tu, lakini hutumia umeme kidogo sana na huwaka papo hapo. King'ora na bodi vikitegemea betri, kupotea kwa stima hakuvinyamazishi.

Kuiachia bodi iwashe na kuzima taa ya joto yenyewe ni jambo lingine. Taa hiyo hutumia volti 240, na mkono ukigusa palipo wazi si vifaranga tu watakaopotea. Sehemu hiyo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Aliye mwanafunzi wa jambo hili aishie kwenye king'ora.

Tangi la maji ni kazi ya pili inayolipa. Kihisi cha HC-SR04 hutuma mlio usiosikika na binadamu na kungoja mwangwi wake kutoka juu ya maji. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye nyuzi 20, hivyo programu huzidisha kasi hiyo kwa muda uliopita na kugawanya kwa 2, kwa kuwa mlio umeenda na kurudi. Kwa sababu ya unyevu wa ndani ya tangi, ni heri kununua aina iliyofungwa isiingie maji.

Hapa ndipo ilipo rahisi kuunguza bodi. Pini ya mwangwi ya HC-SR04 hutoa volti 5, ilhali pini za Raspberry Pi huvumilia volti 3.3 tu. Rezista mbili za kuigawanya volti hiyo hugharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na bodi mpya.

Faida yake huonekana usiku. Tangi la mviringo lenye upana wa sentimita 140 hubeba takriban lita 15 katika kila sentimita 1 ya kina. Kina kikishuka sentimita 4 kati ya saa nne usiku na alfajiri, ilhali mifereji yote imefungwa, kama mitungi 3 ya lita 20 imevuja mahali fulani. Kwa familia inayonunua maji ya bowsa, hizo ni pesa.

Kupima mvua kunafaa zaidi shuleni, kwa sababu kazi yake ni ya msimu kwa msimu. Kipimo cha kawaida kina kikombe kidogo chenye pande mbili: upande mmoja ukijaa, hupinduka na programu huhesabu. Kila mpinduko ni mvua isiyofika milimita 0.3. Wanafunzi wakilinganisha hesabu hiyo na ya kipimo cha mkono kwa masika yote, Machi hadi Mei, watajua kama cha mashine kinadanganya. Bodi zilizotangulia Raspberry Pi 5 hazina saa ya ndani. Pasipo intaneti, stima ikipotea na kurudi, tarehe huwa si sahihi, na rekodi ya mvua yenye tarehe mbovu haimsaidii mkulima yeyote. Kifaa kidogo cha saa kiitwacho DS3231, chenye betri ya duara, huondoa tatizo hilo.

Shule ileile inaweza kuifanya bodi kuwa maktaba. Programu ya bure ya Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima kwenye kadi, na bodi huirusha kwa Wi-Fi yake yenyewe, hivyo tableti na simu darasani huisoma bila bando hata moja. Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa masomo na mazoezi. Wikipedia ya Kiswahili huingia kwenye kadi ndogo. Ya Kiingereza pamoja na picha zake huhitaji nafasi ya takriban GB 100 au zaidi. Kazi iliyobaki ni ya mtu kwenda mara kwa mara palipo na intaneti kuchukua toleo jipya, na bila mtu huyo maktaba huzeeka. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti, lakini shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mzazi anayetaka kuchangia bodi shuleni aanze kwa mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi.

Kuna pia michezo ya zamani ya kompyuta kupitia RetroPie, na hesabu za duka kupitia LibreOffice. Zote huenda vizuri, na hakuna mengi ya kueleza.

Suala la umeme halikwepeki. Bodi kamili ikitumia wati 5, kwa saa 24 hula wati-saa 120. Betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 20 hubeba wati-saa 240, na ile ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa hivyo betri hiyo huiendesha bodi kwa siku moja bila jua, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye kifaa cha kushusha volti 12 hadi 5. Stima ikikatika ghafla wakati bodi inaandika, kadi inaweza kuharibika na kupoteza kila kitu. Mfumo wake una mpangilio wa kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa. Uwashwe kwa kazi isiyohifadhi rekodi, kama vile king'ora cha joto au maktaba. Palipo na rekodi, nakala yake iwekwe pengine kila wiki.

Mambo mawili yanagusa sheria. Kamera ya bodi ikitazama ua wa mwenye nyumba haina tatizo, lakini duka au ofisi inayorekodi wateja inakusanya taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wateja wana haki ya kuarifiwa kwamba wanarekodiwa. La pili ni redio. Zipo programu zinazoigeuza pini moja kuwa kituo kidogo cha FM, na vijana huzipenda. Kurusha matangazo nchini Kenya huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mawimbi ya pini hiyo huchafua masafa mengine yasiyokusudiwa.