Magonjwa ya Zinaa na Homa ya Ini: Aibu Haiponyi

Tinde ni njia panda. Barabara itokayo Nzega hufika hapo ikagawanyika. Moja huenda Shinyanga na Mwanza. Nyingine huenda Kahama, hata Rwanda na Burundi. Malori hupita mchana na usiku. Huko mbele, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita, vijana wengi huishi mbali na nyumbani. Mahali kama hapa wapo wanawake wanaopata riziki kwa kufanya ngono na wasafiri na wachimbaji.

Watu hupenda kuwasema wanawake hao. Husema, "Hao ndio wanaoleta magonjwa." Hebu tufikiri. Wao wenyewe waliambukizwa na nani? Mwanamume akipata ugonjwa njiani, hurudi nao nyumbani. Humwambukiza mkewe, na mimba iliyomo tumboni hupata hatari. Basi jambo hili ni letu sote.

MAGONJWA YANAYOPONA

Kisonono, kaswende, klamidia na pangusa huletwa na vijidudu. Yote hupona kwa dawa.

Mwanamume mwenye kisonono mara nyingi hutoka usaha na huumia akikojoa. Lakini wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Ugonjwa huharibu mirija ya uzazi kimya kimya, na mwanamke anaweza kukosa watoto.

Kaswende huanza na kidonda kisichouma. Kidonda hupona chenyewe, na mtu hudhani amepona. Hajapona! Vijidudu vimo mwilini bado. Utafiti wa Mwanza uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha hatari yake. Kwa akina mama ambao hawakupimwa kaswende, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu waliuawa na ugonjwa huo. Sindano ya penisilini, ikitolewa mapema, huokoa mtoto.

HOMA YA INI

Homa ya ini aina ya B huletwa na virusi. Hupita kwa ngono, kwa damu, na kwa mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa. Wembe wa kuchanjia chale ukitumiwa na watu wawili, unaweza kuipeleka. Virusi hivi huweza kuishi siku 7 nje ya mwili. Lakini kula pamoja na kupeana mikono hakuambukizi.

Wengine huona macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Wengi hawaoni kitu. Watu wazima wengi mwili huishinda wenyewe. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara nyingi hukaa nayo maisha yake yote. Baada ya miaka mingi ini linaweza kukauka au kupata saratani. Ikishakaa mwilini, dawa huipunguza nguvu tu. Lakini chanjo ipo. Watoto wa Tanzania walianza kuipata katika chanjo zao mwaka 2002. Mtu mzima huchomwa sindano 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza.

SOMO KUTOKA MWANZA

Kati ya mwaka 1991 na 1994 vijiji vya Mkoa wa Mwanza vilifanyiwa jaribio. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya mkoa huo. Kwenye maeneo 6, waganga wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa. Dawa hazikukosekana. Maeneo mengine 6 yalisubiri. Matokeo yakawaje? Palipokuwa na watu 10 wanaopata virusi vya Ukimwi upya kule walikosubiri, kwenye tiba nzuri walikuwa 6 tu. Sababu ni hii: vidonda na uvimbe wa sehemu za siri hufungulia virusi mlango. Kutibu peke yake hakumalizi Ukimwi, lakini hupunguza njia.

TUFANYE NINI?

1. Tumia mpira wa kondomu kila mara. Mwanamume anayeongeza hela ili asiuvae ananunua ugonjwa, na anamuuzia mwenzake.
2. Nenda zahanati hata kama huumwi. Omba kupimwa kaswende, virusi vya Ukimwi na homa ya ini.
3. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani. Dozi nusu haiui vijidudu.
4. Mtibiwe wote wawili. Akitibiwa mmoja, atarudishiwa ugonjwa.
5. Mpira ukipasuka, au ukibakwa, wahi kituo cha afya kabla ya masaa 72 kwisha. Ipo dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi.
6. Uliza chanjo ya homa ya ini.

Mwanamke akichekwa zahanati, hatarudi tena. Ugonjwa utabaki kijijini. Mpokeeni kama mgonjwa mwingine yeyote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mtu asiyeona dalili apimwe?
2. Kwa nini mume na mke watibiwe pamoja?
3. Katika kijiji chenu, ni kitu gani kinawazuia watu kwenda kutibiwa? Mtakiondoaje?