Taya Lisilotii

Mti wa mirungi si mgeni kwetu watu wa Usambara. Humea wenyewe katika misitu ya milima, na machipukizi yake hutafunwa na watu watakao kushinda usingizi. Wenzetu wa Meru, Kenya, huyaita miraa, na kwao ni zao la halali. Lakini Tanzania yamekatazwa na sheria ya mwaka 2015. Leo hatuneni habari za sheria, bali za taya la mtafunaji.

Mtafunaji hujaza majani katika shavu moja, akayasaga na kuyafyonza muda wa saa nyingi. Ndani ya majani mabichi imo kathinoni, iliyo ndugu ya amfetamini. Huondoa usingizi na njaa, tena huwafanya wengine wakaze meno pasipo kujua. Basi taya hupata kazi mara mbili: kutafuna na kukaza.

Yafaa tupambanue mambo matatu. La kwanza ni uchovu: misuli ya mashavu huuma, na kiungo kilicho mbele ya sikio hulia mtu afunguapo kinywa.

La pili ni zito zaidi, nalo madaktari huliita distonia. Ubongo hutoa amri zisizotakiwa. Taya hujifunga lenyewe, au hujifungua, au huenda upande, hata mtu ashindwe kula na kunena. Mara nyingine akigusa kidevu kwa kidole, taya hutulia kidogo, na watu husema, “Anajifanya.” La, hajifanyi, wala hakurogwa. Ndiyo desturi ya ugonjwa huo. Tena sababu zake ni nyingi; hata dawa kadhaa za kutuliza akili au kuzuia kutapika zaweza kuuleta.

La tatu ni pepopunda. Mtu akikazana taya, na shingo na mgongo kukakamaa, hasa ikiwa ana jeraha, asingojeshwe hata kidogo. Apelekwe hospitali mara moja.

Sasa matibabu. Dawa ya kwanza ni kuacha majani. Aliyechoka taya ale uji na vyakula laini, aache muwa na mahindi ya kuchoma, na kukandwa mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi. Mtu asimpanue kinywa kwa nguvu, maana kiungo chaweza kuumia.

Mwenye distonia aanze katika hospitali iliyo karibu, kama ya Lushoto au ya Bumbuli, naye ikibidi atapelekwa kwa madaktari wa mishipa ya fahamu. Hao huweza kumpa vidonge, au kumchoma sindano ya botulini katika misuli ya kutafunia. Ni jambo la ajabu: botulini ni sumu, na zamani huko Ujerumani iliwaua watu waliokula soseji zilizoharibika. Lakini kipimo kidogo sana, katika mkono wa daktari mjuzi, hulegeza msuli uliokaza. Marekani iliikubali kuwa dawa mwaka 1989, kwanza kwa magonjwa ya macho. Nguvu yake hudumu kadiri ya miezi 3, kisha huchomwa tena. Haing'oi ugonjwa, lakini huweza kumrudishia mtu chakula chake na maneno yake.

Enyi wazazi na walimu, tunalo neno moja kuu. Kijana aogopaye sheria, au aonaye haya mbele ya baba yake, humficha daktari habari za majani. Naye daktari asiyejua hutafuta sababu mahali pasipo. Kwa hiyo msimdhihaki wala msimtishe. Mwambieni aeleze yote: ametafuna nini, tangu lini, na dawa gani amemeza. Akiacha majani, siku za kwanza atalala sana, atakuwa na huzuni na hasira za upesi. Mvumilieni, mpikieni uji, mkamsindikize hospitali.