KUTA ZISIZOONEKANA NA HESABU YA WATU

Lugha yetu haikuhitaji mtaalamu wa hesabu ili kueleza jinsi ukoloni ulivyowagawa watu katika miji ya Afrika Mashariki. Tulisema Uzunguni, tukasema Uhindini, tukasema Uswahilini, na kila aliyesikia alifahamu mara moja ni nani alikaa wapi, njia ya nani ilikuwa na taa na ya nani ilikuwa na vumbi. Majina hayo yalikuwa ushahidi wa kutosha kwa kila mwenye macho.

Lakini macho hayawezi kujibu swali la pili, ambalo ndilo zito. Sheria ya kuwatenga watu ikiisha kufutwa, je, utengano nao umekwisha? Ikiwa umepungua, umepungua kwa kiasi gani, na katika mitaa ipi? Mwenye nyumba kilimani atasema umekwisha zamani. Mwenye chumba bondeni atasema haujaanza kupungua. Ubishi wa namna hii hauamuliwi kwa wingi wa maneno. Huamuliwa kwa kipimo.

Nchi iliyolishughulikia sana jambo hili la kupima ni Marekani, na yafaa tujue wamelifanyaje. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 iliagiza watu wahesabiwe kila miaka kumi, na hesabu ya kwanza ilifanywa mwaka 1790. Hesabu hiyo ilianza na dhuluma ndani yake, kwa maana katika kugawa viti vya Bunge mtumwa alihesabiwa kuwa sehemu tatu tu katika sehemu tano za mtu. Tangu siku hiyo hapakupita hesabu yao hata moja isiyouliza habari za rangi. Mwaka 1910 miji minane, Chicago na New York ikiwamo, iligawanywa katika vipande vidogo vya kuhesabia. Siku hizi kipande kimoja, ambacho tutakiita mtaa wa hesabu, hukaliwa kwa wastani na watu wapatao 4,000. Hapo ndipo ilipowezekana kuona, mtaa kwa mtaa, nani ni jirani ya nani.

Kipimo chenyewe kilichoenea zaidi kilielezwa vizuri mwaka 1955 na wataalamu wawili, Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan, na mwanafunzi wa shule ya kati aweza kukifanya kwa kalamu na karatasi. Tuchukue mji wa kufikirika wenye watu weusi 1,000 na weupe 4,000, nao una mitaa mitatu. Mtaa wa kwanza una weusi 700 na weupe 400. Yaani asilimia 70 ya weusi wote wa mji, na asilimia 10 ya weupe wote. Tofauti ni 60. Mtaa wa pili una weusi 200 na weupe 1,200. Ni asilimia 20 na asilimia 30, tofauti 10. Mtaa wa tatu una weusi 100 na weupe 2,400. Ni asilimia 10 na asilimia 60, tofauti 50. Jumlisha tofauti hizo, utapata 120. Igawe kwa mbili, utapata 60. Maana yake ni kwamba asilimia 60 ya weusi, yaani watu 600, wangepaswa kuhama mtaa ili kila mtaa uwe na mchanganyiko ule ule ulio katika mji mzima. Mji usio na utengano hata kidogo hupata sifuri. Mji ambao hakuna mtaa mmoja wenye watu wa rangi zote mbili hupata 100. Wataalamu wamezoea kusema kwamba kilicho chini ya 30 ni kidogo, na kinachozidi 60 ni kikubwa.

Sasa tuutazame mji wa Chicago. Mwaka 1910 ulikuwa na watu weusi wapatao 44,000. Kufikia mwaka 1930 walikuwa wamefika karibu 234,000, wengi wao wakikimbia mashamba ya kusini na ukatili wa huko ili kutafuta kazi viwandani. Je, watu wote hao walikaa wapi? Walisongamana katika ukanda mwembamba wa upande wa kusini wa mji, kwa sababu wenye nyumba weupe waliwekeana mikataba ya kutowauzia wala kuwapangisha weusi. Bwana Carl Hansberry, baba wa mwandishi Lorraine Hansberry, alinunua nyumba mwaka 1937 katika mtaa wa mikataba hiyo. Jamaa yake ilishambuliwa na kundi la watu, naye akashtakiwa; kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, akashinda mwaka 1940. Mikataba yenyewe ilinyimwa nguvu ya mahakama mwaka 1948. Hata hivyo, Martin Luther King alipoongoza maandamano ya nyumba katika mji huo mwezi wa Agosti 1966, alipigwa jiwe la kichwa. Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilitiwa sahihi tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya yeye kuuawa.

Kabla ya sheria hiyo, Karl na Alma Taeuber walikuwa wamechapisha mwaka 1965 kitabu kilichopima miji 207 kwa hesabu ya mwaka 1960. Hawakuona mji hata mmoja uliokuwa chini ya 60, na nusu ya miji hiyo ilizidi 87. Baada ya sheria, je? Katika miji mikubwa pamoja na vitongoji vyake, wastani wa utengano kati ya weusi na weupe ulikuwa kama 73 mwaka 1980, na ulikuwa umeshuka hadi kama 55 mwaka 2020. Anayesema hakuna kilichobadilika anakanushwa na tarakimu hizo. Lakini miji ya Milwaukee, Chicago, Detroit na New York ilikuwa bado juu ya 70 mwaka huo wa 2020, miaka zaidi ya hamsini tangu sheria ipite. Kwa hiyo anayesema yote yamekwisha naye anakanushwa. Hiyo ndiyo faida ya kipimo: hakimpendelei mtu.

Hata hivyo kila kipimo kina upofu wake, na msomaji asikubali tarakimu bila kuihoji. Kwanza, matokeo hutegemea mahali mpaka ulipopita. Ukipima kwa mitaa mikubwa utengano huonekana mdogo, ukipima kwa safu za nyumba huonekana mkubwa. Pili, jirani si lazima awe ndugu. Katika miji ya zamani ya kusini kama Charleston, weusi wengi walikaa vichochoroni nyuma ya nyumba za mabwana waliowatumikia, na kipimo kikawa chini kuliko cha miji mingine. Je, hiyo ilikuwa haki? Ilikuwa utumishi uliofichwa nyuma ya ua! Tatu, asiyehesabiwa hapimwi. Idara yenyewe ya hesabu ilikiri kwamba mwaka 2020 iliwakosa zaidi ya watatu katika kila weusi mia. Kwa sababu ya upofu huo, Douglas Massey na Nancy Denton walionyesha mwaka 1988 kwamba utengano una sura tano, nao hauwezi kujulikana kwa tarakimu moja peke yake.

Ipo hatari nyingine iliyo kubwa kuliko upofu, nayo ni mkono unaokishika chombo. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200, na mitaa ya weusi karibu yote ikatiwa rangi nyekundu, maana yake mahali pa hatari kwa fedha. Rangi ya mkazi ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoandikwa katika karatasi za ramani hizo. Mwaka 1942 idara ya hesabu ya watu iliwapa wanajeshi idadi ya watu wa asili ya Japani, mtaa kwa mtaa, na watu wapatao 120,000 wakahamishwa kwa nguvu na kufungiwa makambini, wengi wao raia wa nchi ile ile. Mwaka 2000 mkuu wa idara hiyo aliomba radhi. Kisu kilichopasua jipu ndicho kilichochoma mwenye afya.

Kwa kuogopa kisu hicho ziko nchi zilizoamua kutouliza kabisa. Ufaransa haiulizi rangi katika hesabu yake. Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967, ili watu wajijue kuwa taifa moja, na sababu hiyo ni ya heshima. Kenya yaendelea kuuliza. Iliuliza mwaka 2019, na kila mara majibu huzua maneno katika siasa. Hatusemi nchi zote zifanye namna moja. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Kunyamaza hakuvunji ukuta. Humwondolea tu mnyonge ushahidi wake, akabaki kuambiwa kwamba anaota.

Basi, nchi inayouliza na ifanye mambo mawili. Ifunge majina ya watu kwa sheria kali, kama Marekani inavyoyaficha kwa miaka 72, na izitoe wazi jumla za kila mtaa ili mwananchi wa kawaida aweze kuzisoma na kumwuliza mkubwa wake. Na nchi isiyouliza kabila wala rangi haikosi kazi: ihesabu mabomba ya maji, taa, madarasa na zahanati mtaa kwa mtaa, kisha ilinganishe mlima na bonde. Hapo utengano utaonekana, uwe umevaa rangi ya ngozi au umevaa fedha.

Hesabu haijengi nyumba wala haibomoi ukuta. Kazi yake ni kumwonyesha mjenzi mahali ukuta uliposimama, na kumnyima mwenye ukuta nafasi ya kusema kwamba haupo. Karani wa hesabu abishapo hodi, tumjibu kwa ukweli. Na akiisha kuondoka, tudai kuonyeshwa alichokiandika kuhusu mtaa wetu.