‘Charge’: neno moja la Kiingereza, mizigo mingi

MIAKA kadhaa iliyopita niliwasindikiza majirani zangu katika mahakama moja ya wilaya, ambako kijana wao alikuwa akikabiliwa na kesi ya wizi. Hakimu alipomaliza kusoma amri yake kwa Kiingereza, masikio yetu yalikuwa yamenasa neno moja tu: ‘discharged’. Binamu wa mshtakiwa, ambaye ndiye aliyekuwa msomi wetu siku hiyo, alitutafsiria papo hapo kwamba kijana ameachiwa huru. Vigelegele vikasikika hadi nje, na mama yake akapiga simu nyumbani kuagiza kuku wachinjwe. Kabla hatujafika langoni, askari wawili walimshika kijana yule mkono wakamrudisha mahabusu. Alasiri ya siku ile ile alisomewa mashtaka yale yale mbele ya hakimu mwingine.

Majirani zangu waliamini kuwa wamefanyiwa hila. Ukweli ni kwamba hakimu alitumia neno lake kwa usahihi kabisa, na sisi ndio tulioliongezea maana ambayo halikuwa nayo. Neno hilo ni mtoto wa neno jingine ambalo mkazi wa mjini hulitumia kila siku bila kulitazama mara mbili, yaani ‘charge’.

Tumekwisha kulifanya letu. Simu ikizima tunasema haina chaji, na tunaazimana chaja ofisini. Lakini neno hilo hilo limo katika karatasi anayosomewa mshtakiwa, katika taarifa ya benki inayoonyesha fedha zilizokatwa, katika cheo cha mkuu wa kituo cha afya, na katika hati inayoweza kumpokonya mtu nyumba yake. Mwanafunzi anayefundishwa kuwa ‘charge’ maana yake ni bei, kisha akaishia hapo, amepewa ufunguo wa mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi.

Asili yake ni gari. Warumi walikuwa na neno ‘carrus’, walilolichukua kwa Wagaul, lililomaanisha gari la magurudumu la kubebea mizigo. Kutokana nalo likazaliwa tendo la kupakia mzigo garini, ambalo Wafaransa walilirithi na kulifinyanga hadi likakaribia sura ya sasa. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza kupitia mabwana wapya, wanasheria wao na makasisi wao, na hili likiwamo. Ndugu zake wa ukoo mmoja ni ‘car’, ‘carry’ na ‘cargo’. Hata ‘caricature’, ule mchoro wa kumkejeli mtu kwa kumkuza pua au tumbo, umo katika ukoo huo: mchoraji amempakia mtu zaidi ya anavyostahili.

Ukishaijua picha hiyo ya mzigo, maana nyingi zinajipanga zenyewe. Anayeshtakiwa amebebeshwa tuhuma. Anayedaiwa ada amebebeshwa malipo. Aliyepewa cheo amebebeshwa wajibu. Nasi hatuko mbali na fikra hiyo, kwa maana mitaani husemwa kuwa fulani ‘amebebeshwa kesi’, ingawa sisi tukisema hivyo huwa tunataka kudokeza kwamba kaonewa.

Katika fedha, Kiswahili kina utajiri wa maneno. Sisi tuna ada, tozo, makato, nauli, kiingilio na ushuru, na kila moja lina mahali pake. Mwingereza anaweza kuyaita mengi ya hayo ‘charge’ na akaeleweka. Kwa hiyo anayefasiri taarifa ya benki hana budi kuuliza fedha hizo zimetozwa kwa kazi gani kabla hajachagua neno. Watoto wa neno upande huu si wagumu: ‘overcharge’ ni kutoza kupita kiasi, ‘surcharge’ ni tozo ya ziada juu ya ile ya kawaida, na ‘free of charge’ ni bure.

Ugumu unaanzia hapo hapo benki, lakini kwenye dawati la mikopo. Hapo ‘charge’ inaweza isiwe malipo hata kidogo. Ni mzigo uliowekwa juu ya mali: nyumba, shamba au mtambo unafungwa na deni, na mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji anaweza kuiuza mali hiyo. Kwa wenzetu wa Kenya hili ndilo neno la kisheria lenyewe, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hulitumia kwa maana ya ardhi kuwekwa dhamana ya mkopo. Chini ya sheria hiyo umiliki hauhami kwenda benki. Ardhi inabaki kwa mwenyewe, ila ina mzigo mgongoni. Sheria hiyo pia inataka mwenzi wa ndoa anayeishi katika nyumba ya familia atie saini, la sivyo dhamana hiyo haina nguvu.

Hebu mfikirie basi mama anayeletewa karatasi na mumewe akaambiwa, “Ni mambo ya ‘charge’ ya benki tu, weka saini hapa.” Akili yake inakwenda kwenye makato ya shilingi mia kadhaa, kumbe kalamu yake imeiweka rehani paa inayowafunika watoto wake. Aliyemwambia hakusema uongo. Deni likiisha, hutolewa hati nyingine ambayo jina lake lingemchanganya hata mwalimu wa Kiingereza: ‘discharge of charge’, yaani kuutua mzigo ulioshika ardhi. Aliyemaliza kulipa asirudi nyumbani akapumzika kabla hajahakikisha kuwa hati hiyo imesajiliwa, kwa maana daftari la ardhi litaendelea kuonyesha mzigo hata kama mfuko umekwisha kuutua.

Hapa Tanzania, sheria ya ardhi ya mwaka 1999 hutumia zaidi neno la Kiingereza ambalo sisi tunalifasiri kuwa rehani, kwa hiyo mtego huo kwa upande wa nyumba ni mdogo kidogo. Kwa upande wa kampuni upo vile vile, maana mali za kampuni zilizofungwa na mikopo huandikishwa kwa jina hilo hilo la ‘charge’.

Turudi nyuma kidogo, kwenye baruti. Bunduki na mizinga ya zamani ilishindiliwa baruti kabla ya kila mlio, na kiasi hicho cha baruti kiliitwa ‘charge’ kwa kuwa silaha ilikuwa imepakiwa. Katika miaka ya 1740, Benjamin Franklin wa Marekani alipokuwa akichunguza umeme kwa kutumia chupa maalumu zilizoweza kuuhifadhi, aliazima lugha hiyo ya vita. Chupa iliyojazwa umeme ilikuwa imepakiwa kama bunduki. Chupa nyingi zilizounganishwa pamoja aliziita kwa jina la kikosi cha mizinga iliyopangwa safu, ‘battery’. Kwa hiyo chaji na betri, maneno mawili tunayoyatamka bila hata kuwaza risasi, yametokea jeshini.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Waarabu nao wamepita njia hiyo hiyo kwa miguu yao wenyewe. Katika lugha yao tendo la kupakia mizigo ndilo pia la kujaza umeme kwenye simu, na chaja huitwa ‘shahin’. Mzizi huo ndio uliotupatia sisi neno shehena. Msomaji aliyewahi kufanya kazi Muscat au Dubai atakuwa amelisikia dukani, pengine bila kujua kwamba ni ndugu wa shehena zinazoteremshwa bandarini Dar es Salaam.

Jeshini pia kuna ‘charge’ ya kushambulia kwa kasi, kama nyati anavyomvamia mwindaji. Iliyo mashuhuri kuliko zote ilitokea Balaclava, katika vita vya Crimea, tarehe 25 Oktoba mwaka 1854. Askari wa farasi wa Uingereza wapatao 670 walitimua mbio bondeni moja kwa moja kuielekea mizinga ya Warusi, na zaidi ya 100 wakauawa. Kilichowapeleka huko ni amri iliyoandikwa bila kufafanua mizinga iliyokusudiwa ilikuwa ipi. Waingereza wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, hawakuelewana.

Kuhusu madaraka, Kiswahili cha Tanzania kimejitahidi. Mganga mfawidhi, hakimu mfawidhi na jaji mfawidhi ni watu ambao Kiingereza huwaita ‘in charge’. Waziri naye huitwa mwenye dhamana ya wizara fulani. Na ukiangalia vizuri, dhamana hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia kwa mali iliyowekewa mkopo na kwa mshtakiwa anayengojea kesi akiwa nje. Yule mwanadiplomasia anayeshika ubalozi wakati hakuna balozi, ambaye cheo chake huandikwa kwa Kifaransa ‘chargé d’affaires’, ni mtu aliyetwishwa shughuli, nasi tunamwita kaimu balozi.

Mahali pa kujihadhari hapa ni padogo sana. Muuguzi akiwa ‘in charge of’ mtoto, yeye ndiye mlezi. Kikiongezwa kineno ‘the’ katikati, ‘in the charge of’, mambo hugeuka na mtu wa kwanza kutajwa ndiye anayelelewa. Vivyo hivyo, sentensi isemayo mtu amekuwa ‘charged with’ jambo fulani inaweza kuwa kashtakiwa au kakabidhiwa kazi. Ikifuatiwa na wizi hakuna utata. Lakini ikifuatiwa na kukusanya michango ya harusi, mfasiri mwenye haraka anaweza kumfikisha mahakamani mweka hazina asiye na kosa.

Sasa tufike kwenye ‘discharge’, ambayo kwa asili yake ni kinyume cha kupakia, yaani kupakua. Meli hupakua shehena. Bunduki hufyatuliwa. Betri huisha nguvu. Mwanajeshi huondolewa jeshini, na mdaiwa hutua deni. Hospitalini neno hilo lina nyuso mbili katika faili moja: mgonjwa akipewa ruhusa ya kurudi nyumbani ni ‘discharge’, na kidonda kikitoa usaha ni ‘discharge’ vile vile. Ndugu anayepekua faili la mgonjwa wake akaliona neno hilo asikimbilie kutafuta teksi.

Mahakamani ndiko neno hili linakogharimu zaidi. Kwa sheria za Kenya na za Tanzania, mwendesha mashtaka akiiondoa kesi kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa huachiwa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kuachiwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Hilo ndilo lililompata kijana wa majirani zangu. Kesi ikiondolewa baada ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, hapo huachiwa huru, na neno lake kwa Kiingereza ni ‘acquitted’. Lipo pia la tatu: mtu anaweza kupatikana na hatia kabisa, kisha hakimu akaona hakuna haja ya kumwadhibu, akamwachia moja kwa moja au kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Huyo naye huitwa ‘discharged’, ingawa hatia imethibitishwa.

Watu watatu, hali tatu, na sisi waandishi wa magazeti tumezoea kuwaandika wote kwa kichwa kimoja cha habari: “Aachiwa huru”. Nakiri kuwa nami nimewahi kufanya hivyo, kwa kuwa maneno hayo ni mafupi na yanaenea vizuri katika safu. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa sababu hiyo tofauti kati ya kuachiwa na kuachiwa huru inapaswa kubebwa na maneno yetu wenyewe. Neno hilo dogo ‘huru’ lisitupwe ovyo kama pambo.

Kijana yule alikaa rumande miezi mingine saba. Siku ya hukumu familia ilirudi mahakamani na haikupiga vigelegele. Mama yake alimsogelea karani kwanza, akamwomba amwandikie kwenye kipande cha karatasi neno alilolitumia hakimu. Karani akaandika ‘acquitted’. Mama akalisoma herufi kwa herufi, akaikunja karatasi ile na kuifunga kwenye pindo la khanga yake, ndipo akamfuata mwanawe nje.