Homa ya mama aliyejifungua: walichokiona waganga wa China, na ambacho hawakukiona

Homa ikimshika mama siku chache baada ya kuzaa, kwetu watu wengi husema mara moja: ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna homa nyingine inayotoka katika mfuko wa uzazi wenyewe, na mama anayepewa vidonge vya malaria peke yake anaweza kufa nayo kabla watu hawajatambua. Tena siku hizi dawa za Kichina zinauzwa katika miji yetu mingi, na wauzaji wengine wanazisifu kwamba zinatibu kila homa. Kwa hiyo ni vizuri kujua Wachina wenyewe walifundisha nini juu ya homa hii. Hawakufundisha kamwe kwamba dawa moja inatosha kwa homa zote.

Mafundisho yao ni ya zamani sana. Mganga Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa utawala wa Han, karibu mwaka 200, aliandika maneno ambayo leo tunayasoma katika kitabu Jin Gui Yao Lue. Humo kuna sura nzima juu ya magonjwa ya mama aliyejifungua. Alisema mama huyo amepoteza damu nyingi na jasho jingi, ngozi yake imekuwa wazi, na upepo wa baridi unaingia kwa urahisi. Kwa mama mwenye homa, uso mwekundu, kuhema na kuumwa kichwa, alitaja dawa ya kuchemsha yenye majani ya mianzi ndani yake.

Ili kumwelewa, tujue kwamba waganga wa China wanaona mwili unaishi kwa vitu viwili vinavyokwenda pamoja: damu, na nguvu ya uhai wanayoiita qi (hutamkwa «chi»). Damu inapoza na kulainisha. Qi inatia joto na kusukuma. Fikiri chungu jikoni. Moto ni uleule, lakini maji yamepungua: chungu kinapata moto kupita kiasi, ingawa hakuna aliyeongeza kuni. Ndivyo walivyoeleza jinsi mama aliyetokwa na damu nyingi anavyoweza kuwa na joto mwilini bila kuambukizwa na kitu chochote kutoka nje.

Wazo hilo likawa na nguvu sana, hata likaleta ubishi. Zhu Zhenheng, mganga mashuhuri wa karne ya 14, alifundisha kwamba baada ya kuzaa kazi ya kwanza ni kujaza damu na qi; ugonjwa mwingine, hata uwe mwingi, utafuata nyuma. Wanafunzi wakaligeuza kuwa kanuni: mama yeyote mgonjwa, mpe dawa za kutia nguvu. Karibu miaka 300 baadaye, mwaka 1624, Zhang Jingyue akaandika kinyume chake. Alisema wako mama waliodhoofika, lakini wako pia wasiodhoofika, na wako wenye ugonjwa mkali ndani yao unaotakiwa kufukuzwa, si kulishwa. Juu ya homa akataja njia tano: baridi iliyoingia kutoka nje, moto mkali wa ndani, upungufu wa maji ya mwili, uchovu wa kuzaa, na kupoteza damu nyingi. Kwangu mimi huyo ndiye aliyeona mbali zaidi, kwa sababu alikataa kumtibu mgonjwa kwa kanuni kabla ya kumtazama.

Vitabu vinavyofundishwa leo katika vyuo vya tiba ya jadi huko China vimepanga homa hii katika aina nne hasa, na kinachostahili kuangaliwa ni maswali wanayouliza ili kuzitenganisha. Swali la kwanza ni juu ya damu na majimaji yanayoendelea kumtoka mama baada ya kuzaa. Wao huyaita e lu, maana yake «umande mbaya». Ni mengi au machache? Yana rangi gani? Yana mabonge? Yananuka? Swali la pili ni juu ya tumbo chini ya kitovu: mganga akilibonyeza kwa mkono, mama anasikia nafuu, au anaurudisha mkono kwa maumivu? Kisha wanatazama ulimi na kushika mishipa ya kifundo cha mkono.

Mama mwenye homa kubwa na kutetemeka, tumbo lisilotaka kuguswa, umande mweusi au kama usaha na wenye harufu mbaya, wanasema ameingiwa na sumu kali. Hiyo ndiyo aina wanayoiogopa kuliko zote. Aina ya pili, umande ni mchache sana au umekatika kabla ya wakati, una mabonge ya rangi ya zambarau, na homa inakuja na kuondoka pamoja na baridi: hapo damu ya zamani imekwama. Aina ya tatu, homa ni ndogo, mama ana kizunguzungu, moyo unamwenda mbio, umande umepauka, na tumbo likibonyezwa anasikia vizuri: hapo damu imepungua. Ya nne ni mafua na baridi ya kawaida, pamoja na kikohozi na maumivu ya mwili.

Mkunga yeyote aliyesomea kazi yake atayatambua maswali hayo. Harufu mbaya na tumbo linalouma ndizo dalili zilezile ambazo wauguzi wetu wanafundishwa kuzitafuta. «Damu iliyokwama» mara nyingine ni kipande cha kondo la nyuma kilichobaki ndani. «Damu iliyopungua» tungeiita upungufu wa damu, ingawa daktari wa hospitali hatakubali kwamba upungufu huo peke yake unaeleza homa. Atatafuta chanzo kingine pia. Waganga wale hawakuwa na hadubini wala maabara, lakini macho yao, pua zao na mikono yao viliona mambo ya kweli.

Walitambua pia homa ambayo si ugonjwa. Siku moja au mbili za kwanza joto linaweza kupanda kidogo na kushuka lenyewe. Siku ya tatu au ya nne, maziwa yanapojaa, mama anaweza kupata joto tena. Wao huliita «mvuke wa maziwa». Hospitali za China hutumia kipimo kilicho wazi zaidi: katika siku 10 za kwanza, ukiacha saa 24 za mwanzo, joto likifika digrii 38 au zaidi mara mbili, mama huyo anachunguzwa.

Na dawa? Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Shenghua Tang, inayojulikana hasa kutokana na kitabu cha magonjwa ya wanawake kinachobeba jina la Fu Shan, mganga wa karne ya 17. Ina vitu vitano: mzizi wa danggui, mzizi wa chuanxiong, mbegu za ndani ya kokwa la pichi, tangawizi iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, na mzizi mtamu wa gancao. Kazi yake ni kutia joto na kuisukuma damu iliyokwama. Huko Taiwan wamama wengi huinywa baada ya kuzaa hata kama hawaumwi. Lakini waganga wenyewe wanaonya kwamba mwenye joto kali la ndani asipewe, maana ni kuongeza kuni chini ya chungu. Kwa aina ya sumu wao hutumia dawa za kupoza, kama ile ya mimea mitano iliyoandikwa katika kitabu cha serikali cha mwaka 1742. Kwa hiyo mtu anayeuza pakiti moja «kwa homa ya wazazi» bila kuuliza hata swali moja, hata mapokeo ya Kichina hayafuati.

Kuna jambo jingine ambalo si la vitabu tu, ni la nyumbani. Wachina wana desturi ya «kukaa mwezi». Kwa siku 30 hivi mama habebi mizigo, haguswi na upepo wala maji baridi, anakula kuku, mayai na tangawizi, na mama mkwe au mama mzazi anamtunza. Kuna wema mkubwa ndani yake, na wengi wetu tungetamani wake zetu na binti zetu wapumzike hivyo. Lakini katika miezi ya joto, mama aliyefunikwa mablanketi katika chumba kilichofungwa madirisha anaweza kupata homa inayotokana na chumba chenyewe. Vitabu vya uzazi vya China vina jina kwa ugonjwa huo, na wapo wanaokufa nao. Matibabu yake ya kwanza ni kufungua madirisha na kumpoza mama kwa maji, yaani mambo yaleyale ambayo desturi inayakataza.

Tufike sasa kwenye kile ambacho hawakukiona. Waganga wa China walitafuta sumu katika upepo, katika baridi, katika udhaifu wa mama. Hawakuitafuta kwenye mikono ya yule anayemsaidia kuzaa. Wala Wazungu hawakuwa na la kujivunia. Katika hospitali kubwa ya Vienna, mnamo 1847, madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wanawake wenye uchungu. Mwezi wa nne mwaka ule, katika wodi ya madaktari, walikufa wamama 18 hivi kwa kila 100. Ignaz Semmelweis alipowalazimisha madaktari kunawa kwa maji yenye klorini, vifo vikashuka mpaka 2 hivi kwa 100 ndani ya miezi michache. Wenzake wengi walimkataa hata hivyo. Baadaye wadudu wadogo wanaoleta homa hiyo walionekana kwa hadubini, na dawa za kuwaua zikapatikana kuanzia miaka ya 1930.

Huko China mabadiliko yanakumbukwa pamoja na jina la mwanamke, daktari Yang Chongrui. Alisoma katika chuo cha udaktari cha wanawake cha misheni za Kiprotestanti mjini Beijing, akamaliza mwaka 1917. Mwaka 1929 shule ya taifa ya wakunga ilifunguliwa mjini humo, naye akaiongoza. Hakuwadharau wale wakunga wazee wa mitaani. Pamoja na kusomesha wakunga vijana, alitaka wazee nao wafundishwe kunawa mikono, kukata kucha na kuchemsha vyombo vya kukatia kitovu. Baada ya 1949 serikali ilieneza uzalishaji wa namna hiyo vijijini. Inakadiriwa kwamba kabla ya hapo walikufa wamama 1,500 hivi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai; mwaka 2022 hesabu ya serikali ilikuwa chini ya 16. Usafi si sababu pekee, lakini ulitangulia.

Leo mama mwenye homa kubwa katika hospitali ya China, hata ile ya tiba ya jadi, anapimwa damu na kupewa antibiotiki kwanza. Kipande cha kondo kikibaki ndani, kinatolewa. Dawa za kuchemsha zinaweza kuja kando, lakini hazingojewi.

Kwa sisi huku, maswali yale ya zamani yanaweza kuulizwa na mtu yeyote wa nyumbani. Damu inanuka? Tumbo linauma likiguswa? Mama anatetemeka? Ziwa moja limekuwa jekundu na gumu? Anasikia moto akikojoa? Jibu likiwa ndiyo, au homa ikiwa imefika 38, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata usiku, na majibu hayo aambiwe muuguzi. Na kipimo cha malaria kikionyesha kwamba anayo, muuguzi aombwe bado kuchunguza tumbo na damu ya uzazi, maana mama anaweza kuwa na malaria na ugonjwa wa mfuko wa uzazi kwa wakati mmoja, na vidonge vya malaria vinatibu ule wa kwanza tu.